Moto, Kufuru na Umri wa Mtazamaji: Filamu ya Life of Brian Nchini Uingereza

Mamlaka ya kuamua ni filamu ipi ionwe na watoto nchini Uingereza yalitokana na hofu ya moto. Ukanda wa filamu wa zama hizo ulitengenezwa kwa nitrati, kemikali inayowaka upesi na isiyozimika kwa urahisi, na kwa hiyo sheria ya mwaka 1909 iliwataka wenye kumbi za sinema wapate leseni kutoka kwa mabaraza ya serikali za mitaa ili usalama wa watazamaji ukaguliwe. Haikuchukua muda mabaraza hayo yakaanza kuitumia leseni kuweka masharti yasiyohusiana na moto hata kidogo, na mahakama ikayakubalia. Wafanyabiashara wa filamu, wakichelea kwamba kila mji ungekuwa na marufuku yake, waliunda mwaka 1912 bodi yao ya ukaguzi, BBFC, ambayo hupanga filamu katika madaraja ya umri. Lakini kisheria neno la mwisho kuhusu kumbi za sinema lilibaki kwa baraza.

Mgawanyo huo wa mamlaka ulitikiswa vikali mwaka 1979 ilipotoka Life of Brian, filamu ya tashtiti, yaani sanaa inayotumia kicheko kuumbua upumbavu wa watu, iliyotungwa na kundi la wachekeshaji la Monty Python na kupigwa nchini Tunisia. Brian amezaliwa siku moja na Yesu, katika zizi la jirani, na ukubwani umati unamng'ang'ania awe masihi ingawa yeye mwenyewe anakataa katakata. Kwa kuwa mwaka 1977 mhariri wa gazeti moja alikuwa ametiwa hatiani kwa kosa la kufuru, bodi ilitafuta kwanza ushauri wa wanasheria, kisha ikaipa filamu daraja la AA, lililowaruhusu wenye umri wa miaka 14 na zaidi.

Mabaraza kadhaa yalikataa. Mengine yalipandisha daraja hadi X, la wenye miaka 18, mengine yakapiga marufuku kabisa, hata katika maeneo yasiyokuwa na ukumbi wowote wa sinema. Ireland iliizuia hadi mwaka 1987.

Jambo la kusikitisha katika mabishano hayo ni kwamba mtoto, ambaye madaraja yaliwekwa kwa ajili yake, alitajwa kwa nadra mno, kwa maana waliogombana walikuwa watu wazima waliotetea imani yao au uhuru wao. Laiti wangemfikiria, wangeona kwamba baadhi ya sehemu za filamu zinamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Brian anapoandika ukutani usiku kaulimbiu ya Kilatini ya kuwafukuza Warumi, askari anayemkamata hamkemei kwa uasi bali kwa makosa ya sarufi. Anamvuta sikio, anamdai aina za vitenzi, kisha anamwamuru aiandike sentensi sahihi mara 100. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kupewa adhabu ya kunakili anaelewa papo hapo ni mamlaka ya namna gani yanayochekwa. Ni kweli pia kwamba Brian anafungua dirisha akiwa uchi mbele ya umati, kwamba matusi yamo, na kwamba filamu inaishia kwa watu waliosulubiwa, na mzazi ana haki ya kuyapima hayo. Lakini hayo ni masuala ya umri, ilhali kufuru halikuwa suala la umri hata siku moja.

Kwa muda mrefu filamu ilibaki katika daraja la 15, lililochukua nafasi ya AA madaraja mapya yalipoanzishwa mwaka 1982. Kosa la kufuru lilifutwa katika sheria ya England na Wales mwaka 2008, na mwaka uliofuata Glasgow, mji wa Scotland, ukaondoa marufuku yake. Filamu iliporudishwa kwenye kumbi mwaka 2019, bodi iliipa daraja la 12A, ambalo humruhusu hata mtoto wa chini ya miaka 12 kuingia, mradi awe na mtu mzima, na uamuzi uliogombaniwa na mabaraza miaka 40 nyuma ukawa mikononi mwa mzazi anayemkatia tiketi.