Jinsi Transista Ilivyogeuzwa Kuwa Orodha ya Namba

Hadi katikati ya miaka ya 1960, mhandisi aliyebuni saketi alikuwa na njia moja ya uhakika ya kujua kama itafanya kazi: kuijenga. Alichomelea transista kwenye bodi, akawasha umeme, akaweka proba ya oskiloskopu pale alipokuwa na shaka. Transista ikikataa, aling'oa akaweka nyingine. Chipu zilipoingia, utaratibu huo ukavurugika. Ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha hakuna cha kung'oa, na proba yenyewe huivuruga saketi unayotaka kuipima. Ikabidi saketi ijaribiwe kwa hesabu kabla haijawepo, na hesabu hiyo haianzi mpaka transista iwe imeandikwa kwa namba.

Hisabati ya kuiandika ilikuwa tayari imepiga hatua. Transista ya kwanza ilifanya kazi Desemba 1947 katika maabara za Bell, Murray Hill, New Jersey. Mwaka 1954 Jewell Ebers na John Moll, wote wa Bell, walichapisha milinganyo inayoichukulia transista kama diodi mbili zilizopeana migongo, kila moja ikitawala mkondo unaopita kwa mwenzake. Milinganyo hiyo ilieleza vizuri transista iliyofunguka, iliyofungwa na iliyoshiba. Ila transista ya kweli ina ukorofi zaidi. Beta yake, yaani mkondo wa kolekta ukigawanywa kwa ule wa beisi, hushuka mkondo ukiwa mdogo mno, hushuka tena ukizidi sana, na volti ya kolekta ikipanda, mkondo nao hupanda kidogo, jambo ambalo James Early alilieleza mwaka 1952. Hermann Gummel na H. C. Poon, nao wa Bell, ndio walioyakusanya haya yote katika modeli moja mwaka 1970, kwa kufuatilia chaji iliyojaa kwenye beisi. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa sifa nyingi zimekwenda kwa programu iliyoibeba.

Programu hiyo ilizaliwa darasani. Mwaka wa masomo wa 1969 hadi 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwalimu Ronald Rohrer aliwaambia wanafunzi wake kwamba kozi nzima itakuwa kuandika programu ya kuiga saketi, na hakimu atakuwa profesa mwenzake, Donald Pederson. Pederson akiikubali, darasa zima limefaulu; akiikataa, wote wameanguka. Iliyotoka iliitwa CANCER, na herufi za mwisho za jina hilo zilimaanisha kwamba haishughuliki na mionzi. Hiyo ilikuwa kejeli ya wazi, maana programu nyingi za wakati ule zililipiwa na jeshi la Marekani ili kupima kama saketi zitahimili mionzi ya bomu la nyuklia.

Mmoja wa wanafunzi hao, Laurence Nagel, aliendelea nayo chini ya Pederson, ikaandikwa upya kwa jina la SPICE. Pederson aliitangaza kwenye mkutano wa wahandisi huko Waterloo, Kanada, Aprili 1973. Alikuwa na sharti moja asilolilegeza: isiwe na mmiliki. Aliyeitaka alipewa pamoja na msimbo wake wote, na makampuni yaliyoichukua yakarudisha Berkeley makosa yaliyoyagundua. SPICE2 ilifuata mwaka 1975, bado kwa lugha ya Fortran na kadi za kutoboa. Hata leo mstari wa kwanza wa faili la SPICE, uliokuwa kadi ya kwanza, huchukuliwa kuwa kichwa cha habari, hata ukiandika humo rezista. Wanaoanza huupoteza mchana mzima kwa sababu ya kadi hiyo.

Katika SPICE2, transista ya kawaida ina vigezo 40 hivi. Hulazimiki kuvijaza vyote: ukiacha vile vya Gummel na Poon, modeli yenyewe hurudi kuwa ya Ebers na Moll. Lakini kuacha ni kuamua. Usipotaja volti ya Early, programu huichukulia kuwa haina mwisho, na kikuza sauti chako kitatoa ukuzaji ambao hakuna transista duniani inayouweza.

Anayetaka modeli ya transista aliyonayo mkononi hafungi safari ya maabara. Tuseme ikipitisha miliampea 1 kwenye kolekta, volti kati ya beisi na emita ni 0.65, chumba kikiwa nyuzi 27. Gawa 0.65 kwa 0.02585, tafuta kipeo asilia cha jibu, ugawe mkondo kwa hicho kipeo: unapata IS, mkondo wa ushibaji, takriban ampea 1.2 × 10⁻¹⁴. Sasa ushikilie mkondo wa beisi pale pale, upandishe volti ya kolekta. Kwa volti 5 inapita miliampea 10, kwa volti 15 inapita 11. Ukiuvuta mstari huo kurudi nyuma mpaka mkondo ufike sifuri, unagonga volti 95 upande wa hasi. Hiyo 95 ndiyo VAF, yaani volti ya Early. Pima haraka lakini, kwa kuwa transista ikipata moto mkondo hupanda wenyewe nawe utadhani ni Early.

BF, kigezo cha beta, ndicho kinachowachanganya wengi. Datashiti ya transista ya 2N3904 inasema beta yake ni kati ya 100 na 300 kwa miliampea 10. Fungua modeli yake iliyosambaa kuliko zote, utakuta BF ni 416.4. Hakuna aliyekosea. BF ni beta ya kinadharia kabla vigezo vingine, ISE na NE kwa mikondo midogo na IKF kwa mikubwa, havijaikata. Anayenakili beta ya multimita na kuibandika kwenye BF, huku vigezo hivyo amevikuta kwenye modeli ya mtu mwingine, ameikata mara mbili.

Upande wa MOSFET, aina nyingine ya transista, mambo yalikwenda njia nyingine. Modeli ya Shichman na Hodges ya mwaka 1968 ilitosheka na vigezo vichache. BSIM, modeli nyingine ya MOSFET, nayo ya Berkeley, ilikuja kuwa na vigezo vingi kiasi kwamba ni kiwanda tu kinachoweza kuvijaza, na viwanda huvitoa kwa wateja waliotia saini ya kutunza siri. Uwazi wa Pederson umebaki kwenye programu, haukubaki kwenye namba.

Ndiyo maana kazi ya kujitengenezea modeli imeshamiri zaidi kwenye vifaa vya zamani. Fuzz Face, kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa kilichotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966, kilitumia transista mbili za gemaniamu, NKT275. Hizo huvujisha mkondo hata beisi ikiwa haijaguswa, na uvujaji huo ni sehemu ya sauti yake. Mpigaji akiziacha juani, sauti hubadilika. Anayeziiga hupima uvujaji huo kwanza, kisha huongeza rezista kati ya kolekta na beisi mpaka namba zilingane. Halafu hubadilisha EG, kigezo cha pengo la nishati ambacho SPICE hukianzisha na 1.11, thamani ya silikoni. Ya gemaniamu ni 0.67. Akisahau, saketi yake itaitikia joto kama ya silikoni.