Mifugo isiwe kamba ya kumfunga mwanamke anayepigwa

MWANAMKE anayepigwa na mumewe huulizwa swali moja na majirani: kwa nini haondoki? Katika vijiji vya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kuanzia Gwarama, kata ya Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, hadi Kasulu, sehemu ya jibu huwa zizini na kwenye banda la kuku.

Kwa mama wa kijijini, mbuzi wachache na kuku ndiyo akiba. Humo hutoka sare za shule, dawa na nauli. Akikimbia usiku na mtoto mgongoni, akiba hiyo hubaki mikononi mwa mtu yule yule anayemtesa, ambaye anaweza kuiuza, kuichinja au kuifanya chambo cha kumrudisha.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15.

Uhusiano kati ya kipigo na wanyama umechunguzwa kwingineko. Nchini Marekani, mtafiti Frank Ascione alichapisha mwaka 1998 matokeo ya mahojiano na wanawake waliokimbilia nyumba ya hifadhi katika jimbo la Utah. Miongoni mwa waliokuwa na wanyama, asilimia 71 walisema wenzi wao waliwatishia, waliwajeruhi au waliwaua wanyama hao. Mwaka 2018 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kugharamia makazi yanayowapokea waathirika pamoja na wanyama wao. Uingereza, shirika la Dogs Trust lilianzisha mwaka 2004 mpango wa kuwatunza mbwa wa waathirika kwa muda, hadi wenyewe wapate makazi.

Huko anayezungumzwa zaidi ni mbwa au paka. Kwa mkulima wa Kigoma, mnyama ni riziki, na kumwacha ni kuanza maisha upya mikono mitupu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo pia inaeleza kuwa ndoa peke yake haibadili umiliki wa mali. Mbuzi aliyenunuliwa na mke kabla ya kuolewa hageuki kuwa wa mume.

Kwa mali iliyochumwa pamoja, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kuigawa ndoa inapovunjwa au wanandoa wanapotengana kisheria. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali.

Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, hata kama mtesaji ndiye mmiliki.

Kuondoka kwa usalama

Kwanza ni orodha. Idadi ya mifugo, rangi, alama na namna kila mmoja alivyopatikana viandikwe mapema, mbele ya mashahidi wanaoaminika. Stakabadhi za kikundi cha kuweka na kukopa zitunzwe nje ya nyumba.

Pili ni mahali pa kuwaweka. Kumkabidhi mwingine mifugo aitunze si jambo geni kwa Waha. Zamani ng'ombe walikabidhiwa kwa utaratibu wa bugabire. Mama anaweza kuwahamishia kwa ndugu wanyama walio wake mwenyewe, kidogo kidogo, kabla ya siku ya kuondoka. Waliochumwa pamoja ni busara kuwaachia mahakama, asije akaitwa mwizi.

Tatu ni kibali. Kusafirisha mifugo kutoka wilaya moja hadi nyingine kunahitaji kibali cha ofisa mifugo. Asiye nacho anaweza kuzuiwa njiani.

Nne ni taarifa. Katika dawati la jinsia na watoto la polisi, anayetoa maelezo na kupewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu aitaje pia mifugo iliyojeruhiwa, iliyouzwa au iliyobaki. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, humwelekeza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na mahakamani. Shauri likishafunguliwa, mahakama inaweza kuzuia mali isiuzwe kwa nia ya kumnyima haki yake.

Hata hivyo, uhai hutangulia. Aliyekwisha kukimbia asirudi peke yake kufuata mbuzi, bali aombe kusindikizwa na polisi au viongozi wa kijiji.

Nyumba salama nchini bado ni chache, na zimewekwa kwa ajili ya watu. Kwa sasa, hifadhi ya mifugo hiyo ni zizi la kaka, shangazi au jirani aliye tayari kuipokea na kunyamaza.