Mfuko wa zana: Mzigo unaomtangulia askari wa miamvuli ardhini

ASKARI wa miamvuli anayeruka kwenda vitani hubeba mwavuli mkubwa mgongoni na mwavuli wa akiba kwa mbele. Chini ya huo wa akiba, mbele ya mapaja, huning'inia mfuko wa zana wenye shanta, risasi, maji, chakula na redio ya mawasiliano. Uzito wake waweza kuzidi kilo 30. Wananchi waliowahi kuwaona askari hao wakitua uwanjani na bendera katika sherehe za kitaifa huenda hawakuuona mfuko huo, kwani ule ni mruko wa maonyesho.

Mfuko hunaswa kwa kulabu katika pete za mikanda ya mwavuli. Ardhi ikiwa imebaki kama mita 60, askari huuachia, nao huning'inia chini yake kwa kamba ndefu ya mita 4 au 5. Mfuko hugusa ardhi kwanza, na mwavuli hubakiwa na uzito wa mtu peke yake. Asiyeuachia hutua na mzigo wote mapajani, na kuvunjika mguu si jambo la ajabu.

Zamani silaha zilidondoshwa katika makasha yenye miavuli yake. Mei 20, 1941, katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, askari wengi wa Ujerumani walitua na bastola na mabomu ya mkono tu. Bunduki zao ziliangukia mbali, na wengi waliuawa wakizikimbilia.

Karibu na kwetu, kisa cha kukumbukwa zaidi ni cha Kolwezi, mji wa madini wa Katanga wenye wasemaji wengi wa Kiswahili. Mei 13, 1978, waasi wa FNLC waliotokea Angola waliuvamia. Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliomba msaada, na Ufaransa ikapeleka kikosi cha miamvuli cha Legioni ya Kigeni kilichoongozwa na Kanali Philippe Erulin.

Huko Kinshasa askari hao walipewa miavuli ya jeshi la Zaire, aina ya T-10 ya Kimarekani. Kasoro ikajitokeza papo hapo: kulabu za mifuko ya Kifaransa hazikulingana na mikanda ya Kimarekani. Muda ulikuwa umekwisha, na mjini Kolwezi raia walikuwa wakiuawa. Mifuko ikafungwa kwa waya na kamba.

Alasiri ya Mei 19 askari wapatao 400 waliruka hivyo hivyo, wakatua penye nyasi ndefu na vichuguu. Wenzao walifuata kesho yake. Kikosi kilipoteza askari watano katika operesheni hiyo. Raia waliouawa mjini walihesabiwa kwa mamia.