Mafunzo ya Uzamili ya Ushauri Nasaha Shuleni, Migori na Homa Bay

Mafunzo ya uzamili ya ushauri nasaha shuleni ni masomo ya shahada ya pili yanayomwandaa mwalimu kuwasaidia wanafunzi wenye matatizo ya kimasomo, kinafsi na kijamii. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, anayejiandikisha huwa kwa kawaida ni mwalimu aliyekwisha kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), mwenye somo lake darasani, na ambaye ataendelea kulifundisha hata baada ya kuhitimu. Marekani mambo ni kinyume: karibu majimbo yote hudai shahada ya uzamili kabla ya mtu kuruhusiwa kuwa mshauri wa shule, na akishaipata, ushauri ndio kazi yake ya kutwa. Shule za umma za Kenya hazina kada hiyo. Mwalimu wa Kiswahili au Bayolojia hukabidhiwa idara ya ushauri nasaha, mara nyingi kwa kuwa ni mpole, ni mtu wa dini au ana umri wa kuitwa mama, kisha ndipo anapoanza kujitafutia elimu ya kazi aliyokwisha kupewa.

Taaluma yenyewe ilianzia kwenye uchaguzi wa kazi. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwaelekeza vijana kwenye ajira zinazowafaa. Kenya nayo ilianzia hapohapo: Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 iligusia haja ya kuwaongoza wanafunzi, na mwaka 1971 Wizara ya Elimu ikaunda kitengo cha ushauri. Kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kumsaidia mwanafunzi kuchagua masomo na kujaza fomu. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 2001. Mwezi Machi, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa na wenzao. Mwaka huohuo adhabu ya viboko ilipigwa marufuku, na jopo lililochunguza ghasia za shuleni likahimiza ushauri nasaha uimarishwe. Kwa maneno mengine, kiboko kilitolewa na mshauri akaitwa ajaze pengo, bila kuandaliwa. Walimu wengi wa rika lile hadi leo huuona ushauri kama adhabu laini, na mwanafunzi anayeambiwa aende kwa mshauri huenda kichwa chini.

Vyuo vikuu viwili viko ndani ya eneo: Rongo, kilichopo Migori, kilichopata hati yake mwaka 2016, na Tom Mboya, Homa Bay, kilichoanza mwaka huohuo kama chuo kishiriki cha Maseno. Hata hivyo, kwa fani hii walimu wamezoea kwenda mbali zaidi: Maseno upande wa Kisumu, Egerton kule Njoro, au Kenyatta jijini Nairobi. Masomo huchukua miaka miwili kwa uchache. Kwa mwalimu mwenye kazi hupangwa wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, naye hulipa karo kutoka kwenye mshahara au mkopo wa chama cha akiba.

Darasani huanza na nadharia: Freud, Erikson, Carl Rogers, Albert Ellis. Hufuata vipimo vya kisaikolojia, ushauri wa vikundi, maadili, takwimu na mbinu za utafiti. Zoezi linalowabadilisha walimu zaidi ya yote halimo vitabuni. Wanafunzi huketi watatu watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja, wa tatu mtazamaji mwenye kalamu. Mteja husema jambo linalomsumbua. Haichukui muda mshauri amekwisha kumkata kauli, amempa wosia, pengine na aya ya Biblia. Mtazamaji huhesabu: maswali mangapi ya ndiyo au la, mawaidha mangapi, kimya kilidumu kwa muda gani kabla hakijavunjwa. Mtu aliyekaa miaka mbele ya darasa akiwa na jibu la kila kitu huona vigumu kunyamaza. Somo hilo halifundishiki kwa mhadhara, lakini muda unaotengwa kwa mazoezi chini ya msimamizi ni mdogo mno ukilinganishwa na ule unaomezwa na tasnifu. Tasnifu yenyewe hupitia utetezi wa pendekezo, idhini ya kamati ya maadili na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI) kabla dodoso moja halijagawiwa. Wengi hukwama hapo, masomo ya darasani yakiwa yamekwisha zamani.

Mwalimu akirudi Nyatike au Mbita, nadharia hukutana na mambo mengine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 23 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, Homa Bay na vilevile Migori, walikuwa wamewahi kushika mimba, wakati wastani wa nchi ni 15. Ule wa Ukimwi wa 2018 uliweka kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13.0 Migori, nchi nzima ikiwa 4.9. Kwa hiyo mshauri huwa na mwanafunzi anayemeza dawa za kupunguza makali bwenini akijificha, yatima anayelea wadogo zake, na msichana aliyejifungua na kurudi shuleni chini ya miongozo ya 2020. Kwenye fuo za Ziwa Victoria kuna jaboya, mvuvi anayetoa samaki kwa malipo ya ngono. Huko Macalder na Osiri wavulana huacha shule kwa ajili ya dhahabu, na mtoto aliyekwisha kushika pesa zake mwenyewe hashawishiki kwa hotuba kuhusu faida za elimu.

Upande wa Kuria, Migori, kuna ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa sheria ya 2011 lakini ukaendelea. Msimu wake ni likizo ya Desemba, wasichana wanapokuwa nyumbani. Desemba hiyohiyo ndiyo mwalimu mshauri anapokuwa chuoni, mbali, akisoma namna ya kuwalinda. Ratiba hii haikupangwa kwa ubaya, ila imepangwa na watu wasioishi Kehancha wala Ntimaru, huko Kuria.

Suala gumu kuliko yote katika somo la maadili ni siri. Mteja mwenye umri wa miaka 15 akisema mwanamume mzima analala naye, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, na mshauri hawezi kulikalia. Papo hapo, mwalimu mkuu hutaka ripoti ya kila kinachosemwa, na chumba cha ushauri, kama kipo, mara nyingi ni pembe ya stoo au ofisi inayopakana na ya naibu mwalimu mkuu. Mafunzo mazuri humfundisha mshauri kutaja mipaka ya siri mwanzoni kabisa, kabla mtoto hajafungua kinywa.

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kusajili wanaotoa huduma hii kama taaluma. Shuleni, hata hivyo, anayetambuliwa ni mwalimu, na shahada ya pili peke yake haimpandishi cheo TSC. Wapo wanaohitimu kisha wakahamia vyuo, hospitali au mashirika, ambako ushauri una mshahara wake. Wanaobaki wana mzigo mpya: kuanzia Januari 2026 Gredi ya 10 imegawanyika katika mikondo mitatu ya Elimu ya Umilisi, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mshauri yuleyule hutakiwa amweleze mzazi wa Muhuru Bay kwa nini mtoto wake amepangiwa mkondo asioutaka.