Kinga ya seva ya baruapepe dhidi ya virusi

Kinga ya seva ya baruapepe dhidi ya virusi ni utaratibu wa kukagua, kutenga au kukataa viambatisho vyenye virusi vya kompyuta kabla havijafika katika kisanduku cha mpokeaji. Unahitajika hasa katika taasisi zinazoendesha baruapepe kwa anwani zao wenyewe, kama vyuo vikuu na ofisi za serikali, ambako watu wengi husoma barua kwa kivinjari, mara nyingi katika kompyuta za pamoja.

Historia

Mwaka 1992 kiwango cha MIME kilisanifisha njia ya kuambatisha mafaili ya kila aina kwenye baruapepe. Mwezi Machi 1999 virusi vya Melissa vilienea ndani ya hati za Microsoft Word. Kila kompyuta iliyoambukizwa ilituma nakala kwa anwani 50 za kwanza za mwenye kompyuta. Mwezi Mei 2000 ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikiwa na kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa Windows ilificha herufi za mwisho, wengi walidhani ni maandishi ya kawaida wakakifungua. Mydoom ilifuata Januari 2004.

Nchini Tanzania

Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaunganisha mikoa, ikiwemo Iringa na Mbeya. Nyanda za Juu Kusini kuna vyuo vikuu kadhaa, kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Katika taasisi za namna hii, akaunti moja iliyoambukizwa inaweza kutuma virusi kwa wanafunzi na wafanyakazi wote. Seva ikiingizwa katika orodha nyeusi za kimataifa, hata barua halali, kama za maombi ya masomo, hukataliwa na seva nyingine.

Jinsi inavyofanya kazi

Kwa kawaida kinga hupangwa kwa hatua:

1. Seva hukataa aina za mafaili ambazo hazihitajiki kazini, kama .exe, .scr, .js na .vbs.
2. Programu kama Amavis hutenganisha barua na viambatisho vyake, na kufungua mafaili yaliyobanwa kama ZIP.
3. Programu ya kingavirusi, kwa mfano ClamAV ambayo ni huria, hulinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana. Alama hizo zisasishwe kila siku.
4. Faili lenye virusi hutengwa au barua hukataliwa.

Barua zinazotoka nazo hukaguliwa, kwa sababu mtumiaji anaweza kupakia faili lenye virusi kutoka kwenye flashi. Si vizuri kumpelekea onyo mtumaji anayeonekana kwenye barua, kwani virusi vingi hughushi anwani ya mtu asiyehusika.

Msimamizi hujaribu kinga kwa faili la EICAR, lenye herufi 68 zisizo na madhara, ambalo programu za kingavirusi hulitambua kana kwamba ni virusi.

Mapungufu

Faili la ZIP lenye nywila haliwezi kukaguliwa ndani, na virusi vipya huweza kupita kabla alama zao hazijajulikana. Programu ya ukaguzi yenyewe inaweza kuwa mlango: mwaka 2022 wavamizi walituma viambatisho kwenye seva za Zimbra, na Amavis ilipovifungua kwa kutumia programu ya cpio, waliweza kuandika mafaili yao ndani ya seva. Kwa hiyo seva nzima husasishwa, nakala rudufu hutunzwa mbali nayo, na watumiaji hufundishwa kutofungua viambatisho wasivyovitarajia.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini na kuharibu data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi kulinda taarifa za watu. Matukio huripotiwa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Tazama pia

- Virusi vya kompyuta
- Baruapepe
- Usalama wa mtandao