Jumuiya ndogondogo za Kikristo

Jumuiya ndogondogo za Kikristo (kifupi: JNNK) ni makundi ya waamini wanaoishi jirani na kukutana mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, ili kusali, kutafakari Neno la Mungu na kusaidiana katika maisha ya kila siku. Zimeenea hasa katika Kanisa Katoliki la Afrika Mashariki na Kati, ambapo huhesabiwa kuwa ngazi ya chini kabisa ya Kanisa, chini ya kigango na parokia. Madhehebu mengine, kama vile Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yana pia jumuiya zinazokutana nyumbani kwa waumini.

Msingi katika Biblia

Kielelezo chake ni Kanisa la kwanza la Yerusalemu. Kitabu cha Matendo ya Mitume (sura ya 2 na ya 4) kinaeleza jinsi waamini walivyosali pamoja, walivyoumega mkate nyumbani na kushirikiana mali ili asiwepo mhitaji kati yao. Sura ya 6 inaonyesha kwamba hata huko yalizuka manung'uniko: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahaulika katika mgawo wa kila siku. Mitume walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Hivyo tangu mwanzo ilionekana kwamba upendo unahitaji utaratibu, la sivyo wanyonge huachwa nyuma.

Historia

Nchini Kongo maaskofu walianza kuhimiza jumuiya hai za Kikristo mwaka 1961. Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965) ulisisitiza kwamba Kanisa ni taifa la Mungu, na kwamba walei wana wajibu wao ndani yake.

Katika Afrika Mashariki, maaskofu wa shirikisho la AMECEA walilijadili suala hilo mjini Nairobi mwaka 1973. Mwaka 1976 waliamua kwamba ujenzi wa jumuiya hizo uwe kipaumbele cha uchungaji. Sababu mojawapo ilikuwa ukubwa wa parokia: padri mmoja hakuweza kuwafahamu waamini wote, wala waamini wenyewe hawakufahamiana.

Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililieleza Kanisa kama familia ya Mungu. Papa Yohane Paulo II alikazia fundisho hilo, pamoja na umuhimu wa jumuiya ndogo, katika waraka "Ecclesia in Africa" (1995).

Muundo na mkutano

Kila jumuiya huwa na jina la mtakatifu msimamizi. Huongozwa na walei waliochaguliwa na wenzao: mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na wengine wenye kazi maalumu, kama vile liturjia au huduma kwa wagonjwa. Mikutano huzunguka nyumba kwa nyumba, ya tajiri na ya maskini.

Njia mojawapo ya kutafakari Injili ni ile ya hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya sita huwataka washiriki wakubaliane kazi ya kufanya: nani atamtembelea mgonjwa fulani, au nani atapatanisha majirani waliogombana. Hivyo sala hugeuka kuwa huduma.

Huduma

Huduma za kawaida ni kuwatembelea wagonjwa na wazee, kumwita padri kwa ajili ya Mpako wa wagonjwa, kuchangia chakula au ada ya mtoto yatima, na kuiandaa familia kwa harusi au ubatizo. Wakati wa msiba wanajumuiya huja kupika, kuchota maji, kukesha na kuongoza sala hadi mazishi.

Nguvu ya msaada huo ni ujirani. Mfuko wa parokia unaweza kutoa fedha nyingi zaidi, lakini jirani ndiye anayejua mapema kwamba mlango wa bibi fulani haujafunguliwa tangu asubuhi. Tena anayesaidiwa leo huweza kuwa msaidizi kesho. Hiyo humlindia heshima.

Changamoto

Katika jumuiya nyingi wanawake hushiriki kuliko wanaume na vijana. Mijini, kazi na kuhamahama huwazuia wengi kuhudhuria.

Tatizo zito zaidi ni michango. Mkutano ukitawaliwa na hesabu za fedha, maskini huona haya na kujitenga, yaani anatoweka yule ambaye jumuiya iliundwa kwa ajili yake. Aidha, katika parokia nyingi anayeomba sakramenti hutakiwa kwanza kuthibitishwa na viongozi wa jumuiya yake. Utaratibu huo husaidia kuwajua waamini, lakini ukitumiwa kama adhabu, hasa kwa familia iliyofiwa, hupingana na lengo la jumuiya. Kwa sababu hiyo semina za viongozi hukazia kwamba asiyeonekana mikutanoni atembelewe kwanza, kabla ya kuhukumiwa.