Nusumaisha

nusumaisha *nm* [i-/zi-] (kemia, fizikia) muda unaohitajika ili kiasi cha dutu kipungue hadi nusu ya kiasi cha awali.

Maana na matumizi. Istilahi hii hutumika hasa kwa mmenyuko wa daraja la kwanza, yaani ule ambao kasi yake huwiana moja kwa moja na ukolezi wa dutu inayomenyuka. Dutu ikipungua, kasi nayo hupungua kwa uwiano uleule; kwa hiyo nusumaisha haitegemei kiasi kilichoanza. Kuchanguka kwa viini nururifu si mmenyuko wa kikemia, lakini hufuata kanuni hiyohiyo.

Kanuni. t½ = 0.693 ÷ k, ambapo k ni kisobadilika cha kasi na 0.693 ni logi asilia ya 2. Kwa muda wowote: ln(A₀ ÷ A) = kt.

Mfano. Nusumaisha ya iodini-131, inayotumika kutibu maradhi ya tezi ya shingo, ni takribani siku 8. Baada ya siku 8 hubaki nusu. Baada ya siku 16, robo. Baada ya siku 24, thumuni. Je, asilimia 20 hubaki baada ya siku ngapi? k = 0.693 ÷ 8 = 0.0866 kwa siku; ln 5 = 1.609; t = 1.609 ÷ 0.0866 = siku 18.6. Jibu linaaminika, kwa kuwa asilimia 20 iko kati ya robo na thumuni.

Tahadhari. *Nusumaisha* isichanganywe na *nusu ya maisha*. Nusu mbili za maisha hutimiza maisha mazima. Hivyo msomaji wa tafsiri “nusu ya maisha ya iodini-131 ni siku 8” atadhani kuwa siku ya 16 dutu imekwisha, ilhali robo yake ingalipo. Katika mtihani kosa hilo hupoteza alama. Katika maelekezo ya kuhifadhi taka za hospitali, huweza kumdhuru mzoa taka. Hata baada ya nusumaisha 10 hubaki karibu sehemu moja ya elfu.

Upatanisho. Neno kuu ni *nusu*, si *maisha*: *nusumaisha hii ni fupi*, si \nusumaisha haya ni mafupi*.

*Taz. pia* mmenyuko, ukolezi, unururifu.